Usiiamkie Simu Shikamoo: Jinsi ya Kuihoji Akili Mnemba Ukiwa Mwanafunzi Mtu Mzima

Darasa langu la jioni, mchana ni darasa la nne. Saa 11 watoto wakishatoka tunaingia sisi, na kwa kuwa madawati ni ya watoto, wanafunzi wangu hukaa upande, magoti njiani. Niko Morogoro. Siku za kazi nafundisha watu wanaosoma sekondari ukubwani. Jumamosi nasaidia wanafunzi wa stashahada kuandika tafiti zao. Nina mama lishe wawili, mlinzi, muuguzi, dereva wa bodaboda, mfugaji wa kuku na mama mmoja anayeuza kanga sokoni. Wote huniamkia shikamoo, hata wale ambao kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kuwaamkia.

Shikamoo hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Tangu akili mnemba iingie kwenye simu zao (wenzetu wa Kenya wanaiita akili unde, wengine akili bandia, na wanafunzi wangu wanaiita tu "kale kaduara ka WhatsApp"), naona heshima ya mwalimu imehamia kwenye kioo cha simu. Nikisema jambo mimi, mtu huinua mkono akabisha. Simu ikisema, watu wananakili kwenye daftari.

Jumanne moja mama wa kanga alikuja na karatasi. Nilikuwa nimewapa insha ya biashara, naye akaiomba programu moja imtungie majina 20 ya kanga. Akasimama kuyasoma. La kwanza: "Kila wingu lina ukingo wa fedha." Kimya. La pili: "Usihukumu kitabu kwa jalada lake." Mama lishe mmoja akaanza kucheka. La tatu: "Mwanamke imara ni malkia wa ndoto zake." Akaishusha karatasi. "Sasa hii nani ataivaa, Mwalimu? Ataenda nayo msibani?"

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndilo linaloiuza. Mtu hununua "Japo sipati tamaa sikati" kwa sababu kuna mtu mtaani anataka aisome. Yale 20 yalikuwa maneno ya kadi ya sherehe, yamefikiriwa kwa Kiingereza yakavishwa Kiswahili. Mama huyu hakumaliza kidato cha pili, na aliligundua hilo ndani ya nusu dakika.

Wiki hiyohiyo alikuwa ameniletea jibu la programu ileile kuhusu Vita vya Majimaji, amelinakili neno kwa neno. Jibu lilimhamisha Kinjikitile Ngwale kutoka Ngarambe likampeleka Songea, likamuua mwaka 1907, ilhali Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vimeanza. Hilo hakulitilia shaka hata kidogo. Kwenye kanga alikuwa profesa, kwenye historia akajiona mjinga, na hakuona kwamba aliyemjibu mara zote mbili ni yuleyule.

Ninayoyaeleza hapa ni yale tunayofanya darasani kwangu tangu siku hiyo. Mengi hayahitaji bando.

Kabla ya kugusa simu, chezeni mchezo wa sokoni

Naandika ubaoni: "Haraka haraka haina..." Darasa zima: baraka! Naandika tena: "Jana nilikwenda sokoni nikanunua..." Nyanya! Vitunguu! Dagaa! Nauliza nani alikuwa nami sokoni jana. Hakuna. Mmejuaje basi? "Tumekisia, Mwalimu, si ndiyo vitu vinavyonunuliwa." Kisha ya tatu: "Shule hii ilifunguliwa mwaka..." Hapo majibu yanakuja kwa kelele ileile ya baraka: 1974! 1982! 1968! Anayejua ni mlinzi peke yake, maana kibao cha jiwe la msingi kiko karibu na kiti chake cha usiku.

ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma Novemba 2022, pamoja na ndugu zake waliofuata, imejengwa juu ya kazi hiyo: kukisia kipande cha neno kinachofuata, kisha kinachofuata tena, kwa kutegemea maandishi mengi mno iliyolishwa. Baadaye watu waliinoa kwa kuipangia majibu yapi ni mazuri na yapi mabaya, na siku hizi baadhi ya programu hutafuta mtandaoni kabla ya kujibu, jambo linalosaidia. Lakini baraka, nyanya na 1974 bado zinatoka kwa sauti moja. Sisi watu wazima tumeishi kwa kusoma sauti. Mpangaji anayeahidi kodi mwezi ujao, mteja anayesema "nitakulipa Ijumaa", unamjua kwa namna anavyomeza mate. Simu haimezi mate.

Kwa hiyo tumejiwekea alama. Kila sentensi ya jibu ipe herufi pembeni. *B* ni baraka: jambo ambalo kila mtu analijua na limeandikwa mara elfu. *N* ni nyanya: linaelekea kuwa kweli, ila hakuna aliyekwenda sokoni. *K* ni kibao: hili mpaka mtu ainuke akasome jiwe. Miaka, majina ya watu, vipimo vya dawa, vifungu vya sheria, bei, umbali, marejeo ya vitabu, vyote ni K bila mjadala. Mara ya kwanza wanafunzi huweka B nyingi mno. Waache. Baada ya wiki tatu utaona B zinapungua zenyewe.

Iulize kwanza unachokijua

Kama una muda wa jambo moja tu katika haya yote, fanya hili.

Chagua kazi yako, ile inayokulisha. Andika maswali matatu: moja rahisi, moja la wastani, na moja ambalo mtu wa nje ya kazi hiyo hawezi kulijibu. Halafu, kabla hujafungua simu, andika majibu yako mwenyewe kwa kalamu. Usiruke hapa. Ukishasoma jibu la mashine utajiambia "hata mimi nilikuwa najua hivyo", na hutajua tena ulichokuwa unakijua. Majibu yakishakauka kwenye karatasi, ndipo uulize. Kisha chukua kalamu nyekundu usahihishe kama mimi ninavyowasahihisha ninyi, uweke na alama chini.

Mfugaji wetu ana kuku 60 wa kienyeji huko Mkundi. Swali lake la tatu lilikuwa: "Kuku wanaharisha kijani na shingo zinapinda, nifanye nini?" Jibu lake kwenye karatasi lilikuwa mistari miwili: "Hicho ni kideri. Hakina dawa, ungechanja mapema, tone moja jichoni, urudie kila miezi 3." Programu ikamwandikia aya tano safi. Ilipatia kwamba huenda ni kideri. Ilipatia kwamba ni virusi. Ilitaja kuwatenga wagonjwa, ikataja chanjo. Halafu katikati ya aya ya nne ikamshauri awape kuku antibaiotiki kwa siku 5 "kutibu ugonjwa huo". Antibaiotiki haigusi virusi. Kaka yule akapiga mstari mwekundu mpaka karatasi ikatoboka. "Amenijibu vizuri, Mwalimu, mpaka akanipeleka duka la dawa za mifugo kutupa hela."

Tazameni kosa lilipokaa. Halikukaa mwanzoni, ambako kila mtu husoma kwa makini. Lilikaa katikati ya mambo ya kweli, kama changarawe kwenye wali. Akaipa 7 kwa 10. Kwenye insha hiyo ni alama nzuri. Bandani unaweza kubaki na vifaranga wawili.

Ukishapata alama yako, iandike nyuma ya daftari, na pembeni yake andika iliangukia wapi. Kwenye vipimo? Majina ya mahali? Mambo ya mwaka huu? Bei za hapa kwetu? Sasa ukienda kwenye somo usilolijua, biolojia au historia, ile orodha ndiyo inakuonyesha pa kuangalia kwanza. Huna haja ya kujua biolojia ili ujue kwamba kwenye vipimo huyu mtu ana mkono mwepesi.

Wasomi wachanga hawana faida hii. Kijana wa miaka 19 aliyetoka shule ya bweni kwenda chuo kikuu hana uwanja wake wa kuipimia mashine. Mama lishe anao, fundi cherehani anao, mstaafu aliyejiunga na chuo huria anao. Nasema hivi kwa sababu wanafunzi wangu huja wakiona aibu kwa kuchelewa kusoma.

Ichokoze

Ukishapata jibu ambalo una uhakika ni sahihi, iambie imekosea. Tulifanya hivyo na kanga. Programu ilisema doti ni jozi, kanga mbili, na ni kweli. Mama wa kanga akaandika: "Umekosea, doti ni kanga moja." Ikajibu kwa adabu zote: samahani kwa mkanganyiko, uko sahihi kabisa. Darasa lilipiga makofi. Wiki nyingine tulipoijaribu kwa swali jingine ilikataa kata kata, kwa hiyo msiseme kila mara huyumba. Ila ikishakuyumbia mara moja umejua: kukubaliwa nayo si ushindi.

Ndiyo maana namna ya kuuliza ina uzito. Usiulize, "Si kweli kwamba mkopo wa vikoba ni bora kuliko wa benki?" Umeshaitajia jibu, nayo ina adabu. Uliza, "Kwa muuza genge, mkopo wa vikoba una faida na hasara gani, na wa benki je?" Ukitaka kuibana zaidi, iagize iandike hoja kali kabisa ya kukupinga wewe, halafu uijibu kwa kalamu.

Jaribio la pili: uliza swali lilelile kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Asiyejua Kiingereza amwombe mwenzake. Mara nyingi la Kiingereza huja na kina zaidi. Maandishi ya Kiswahili ni sehemu ndogo sana ya yaliyomo kwenye intaneti, hayafikii hata asilimia 1, na mashine imekula zaidi kile kilichokuwa kingi mezani. Hili linanikera, na sitalificha: mwanafunzi aliyesoma shule ya Kiingereza anapata mwalimu mzuri kuliko mwenzake, kwa simu ileile na bando lilelile. Lakini la Kiingereza nalo lina tabu yake, kwa kuwa linahama nchi bila kuaga. Uliza habari ya kukodi chumba, utapata ushauri wa London.

Saa ndiyo kichekesho. Mama lishe aliomba ratiba ya siku ya mgahawa wake. Ikamwandikia: "Saa 8 asubuhi, fungua mgahawa. Saa 1 mchana, chakula cha mchana." Akauliza kwa upole, "Saa 8 asubuhi ndiyo saa ngapi hiyo?" Kwetu saa 8 ni mchana au ni usiku wa manane, na wateja wa chapati wanakuja saa 12. Ilikuwa imechukua saa za Kiingereza ikabandika maneno ya Kiswahili bila kuhesabu upya. Kama hata saa inakosewa hivi, yapo mengine yaliyokosewa kwa njia ileile ambayo hatuyaoni kwa kuwa si ya mgahawa.

Na hili fanyeni mkicheka. Ipe itafsiri kwa Kiingereza: "Daktari amefika. Yeye ni hodari. Muuguzi amefika. Yeye ni mpole." Kiswahili hakikusema nani mwanaume nani mwanamke. Angalia nani amegeuzwa nini. Muuguzi wetu darasani ni mwanaume mwenye ndevu, na aligeuzwa mwanamke mbele ya macho yetu. Swali la kujadili baada ya hapo ni moja: mashine ilijifunza wapi hilo?

Marejeo, hapo ndipo watu wanapoangukia

Sasa nasema na wanafunzi wa vyuo. Mwaka jana aliniletea mmoja sura ya pili, mapitio ya maandiko, yenye marejeo 14 kuhusu kwa nini watu wazima huacha masomo njiani. Kiingereza kimenyooka, aya zimepangana. Kilichonishtua ni kitu kidogo. Mmoja wa waandishi aliowataja namfahamu, na ni mtu wa udongo. Anapima udongo maisha yake yote. Hajawahi kuandika chochote kuhusu watu wazima, labda barua kwa wazazi wake.

Tukakaa wawili, bando langu. Ilituchukua saa mbili na nusu. Marejeo 6 yalikuwepo na yalisema alichodai yanasema. Matatu yalikuwepo lakini yalisema jambo jingine kabisa. Matano hayakuwahi kuandikwa na binadamu yeyote: mwandishi wa kweli, jarida la kweli, kichwa cha makala cha kuzuliwa. Ni ule mchezo wetu wa sokoni. Baada ya jina la msomi na jina la jarida, nyanya inayofuata ni kichwa cha makala.

Hivi ndivyo tulivyoyapekua, nawe fanya hivyo kabla ya kumpelekea msimamizi wako. Nakili kichwa cha makala, kiweke ndani ya alama za kunukuu, kitafute Google Scholar. Kisipotokea, usihukumu bado. Nenda kwenye tovuti ya jarida lenyewe, fungua toleo lililotajwa, uone kurasa zile zina nini. Kwa majarida ya Afrika jaribu AJOL (African Journals Online), tovuti ambayo hukusanya mengi ambayo injini nyingine huyaruka. Kama rejeo lina namba ya DOI, ile namba ya utambulisho wa makala, andika doi.org/ kisha ibandike baada yake uone inafungua nini. Tuliwahi kufungua moja ikatuletea makala ya samaki. Ukikwama, kuna mkutubi. Wakutubi wa vyuo vyetu wamekaa pale wanasubiri mtu awaulize swali la maana, na wengi ni wakarimu kuliko tunavyodhani.

Makala ikipatikana, kazi imebaki nusu. Ifungue. Tafuta sentensi unayoitegemea. Kama hujaifungua, usiitaje. Yale matatu ya mwanafunzi wangu ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa yangepita kwa msimamizi anayeangalia tu kama makala ipo.

Na usiiulize programu kama rejeo ni la kweli. Mwaka 2023 huko New York mawakili walipeleka mahakamani, kwenye kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, hukumu za zamani ambazo ChatGPT ilizibuni. Wakili mmoja alikuwa ameiuliza programu yenyewe kama hukumu zile zipo, ikamhakikishia zipo. Juni mwaka huo Jaji P. Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Hao ni watu wenye shahada na leseni. Mtuhumiwa alikuwa ameitwa kuwa shahidi wake mwenyewe.

Walimu wenzangu, neno moja na ninyi

Kuna programu zinazodai kubaini kama insha imeandikwa na mashine. Dada mmoja niliyemfundisha zamani, sasa yuko chuo ambacho sitakitaja, aliitwa ofisini akaambiwa kazi yake ni ya mashine kwa asilimia 78. Mimi nililiona kaunta buku lake. Aliandika kwa mkono, usiku, mistari imekatwa na kuandikwa upya, doa la mafuta ya taa kwenye ukurasa wa tatu. Alilia wiki nzima.

Kiingereza chetu cha shuleni kina sentensi fupi na maneno machache yanayorudiwa, na hicho ndicho programu hizo hukitilia shaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu 7 mwaka 2023 kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo za binadamu zilisingiziwa kuwa za mashine. Na Julai mwaka huohuo OpenAI, walioitengeneza ChatGPT, waliiondoa programu yao wenyewe ya kubaini kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Kama mwenye mbwa anakwambia hawezi kumtambua mbwa wake gizani, wewe una tochi gani?

Kaa na mwanafunzi dakika 10. Mwambie akueleze aya ya tatu kwa Kiswahili. Aliyeiandika atakueleza kwa Kiswahili, kwa Kiluguru na kwa mikono. Omba rasimu zake. Toa maswali ya mtaani kwake: usiulize "jadili umuhimu wa ujasiriamali", uliza kwa nini vibanda vitatu kati ya vile vilivyo karibu na nyumba yake vimefungwa mwaka huu, na alizungumza na nani. Ni kazi zaidi kusahihisha, najua. Mimi nasahihisha 40 kwa usiku mmoja umeme ukiwepo.

Wanaotaka kupiga marufuku kabisa siwaungi mkono. Mimi mwenyewe naitumia kutunga maswali ya majaribio, kisha nafuta nusu. Na kuna mzee darasani, mstaafu, ambaye huomba aelezewe algebra mara saba bila mtu kumkunjia uso. Mara saba! Mimi ningekunja uso ya nne.

Vitu vya kutoingiza humo

Hapa sitakaa sana. Namba ya kitambulisho cha taifa, jina la mgonjwa na ugonjwa wake, mahojiano ya utafiti yenye majina ya watu waliokuamini: usibandike. Muuguzi wetu alikuwa anabandika maelezo ya wagonjwa ili asaidiwe kuandika ripoti, kwa nia njema kabisa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kufanya kazi Mei 2023, na mwanafunzi wa afya au wa utafiti anapaswa kuisoma kabla ya kuanza kukusanya chochote. Badala ya jina andika "mgonjwa A", badala ya kijiji andika "kijiji kimoja", au usiiulize kabisa.

Mkiwa mnajadili taarifa zinakwenda wapi, jadilini na mikono iliyozipitia. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuweka alama maandishi ya kutisha, ya ukatili na unyanyasaji, ili ChatGPT ijifunze kutoyatoa. Nilipolisoma hilo darasani, mlinzi, ambaye hukesha kwa mshahara anaoujua yeye, aliuliza kama watu wale walipewa mtu wa kuzungumza naye baada ya kazi. Tulilijadili swali lake mpaka saa ya kufunga geti.

Simu moja, watu watano

Mama yangu alisoma kwa redio. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikusanyika kwenye vikundi. Kule Kilosa walikaa chini ya mwembe, redio moja katikati, kijitabu mkononi. Redio ikishasema, ilizimwa. Ndipo kazi ilipoanza: mnakubali? Kwetu hapa maji yako wapi? Choo kitachimbwa na nani, lini? Mama husimulia jinsi bibi mmoja alivyombishia mtangazaji kana kwamba amekaa naye.

Nimeurudisha mpango huo. Kikundi cha watano hupata simu moja. Nyingine zinakaa kwenye kapu la mama lishe. Mmoja anashika simu na kusoma jibu kwa sauti, polepole. Wa pili ana karatasi yenye jibu la kikundi lililoandikwa kabla. Wa tatu ana kalamu nyekundu, anaweka B, N na K. Wa nne kazi yake ni kubisha, hata kama anakubali. Wa tano ndiye mwenda kibaoni: kila K ni yake, na Jumanne inayofuata lazima alete jibu kutoka kwenye kitabu, ofisini, dukani au kwa mtu anayejua. Zamu hubadilika kila wiki. Kusomwa kwa sauti kuna ajabu yake. Sentensi iliyopendeza kwenye kioo, ikisomwa mbele ya watu wanne wenye njaa, inavuja.

Jumanne ijayo mwenye swali ni dereva wa bodaboda. Atauliza mvua kubwa ikinyesha mtu apite wapi kutoka Msamvu kwenda Bigwa. Jibu lake ameshaliandika, amelikunja mara nne akalisokomeza kwenye helmeti, na jana nilipomwomba nilione aliniambia, "Subiri, Mwalimu. Na wewe utakuja kukisia."